Mapafu ya Baba Mkwe

Lifti ya hospitali ilikuwa imegoma tangu asubuhi, na watu walijazana mlangoni wakilalamika. Katikati yao alisimama mtafiti mmoja, gauni la kijani likichungulia chini ya koti jeupe la maabara, amekumbatia kisanduku cha barafu utadhani kuna mtu anataka kumnyang'anya.

"Fundi, bado sana?"

Fundi lifti akageuka, ovaroli imejaa grisi. Alipomwona, bisibisi ikamponyoka.

"Nusu saa, dada."

"Nusu saa! Seli zangu zitakuwa zimekufa."

"Seli za nini?"

"Za kinga. Zimetoka kwenye mapafu ya wagonjwa. Miaka minane nazichunguza, leo ziuawe na lifti?"

Fundi akafuta mikono, akachukua kisanduku, akapanda nacho ngazi ghorofa sita. Alifika juu anatweta.

"Hayo mapafu yako nayo tuyachunguze?" mtafiti akamtania.

"Yachunguze tu. Ila anza na moyo."

Wakacheka, wakapeana namba. Kwa miezi mitano simu hazikukatika.

"Daktari wangu, umekula?"

"Mimi sitibu, mpenzi. Mimi nauliza tu kwa nini."

Akamweleza kwamba kazi ya seli zile ni kumeza vumbi na vijidudu, lakini kwa mtu aliyeugua mapafu miaka mingi huchanganyikiwa, zikaanza kuyaumiza mapafu yale yale zinazoyalinda. Fundi alisikiliza kwa makini. Baba yake, mchomeleaji mstaafu, alikuwa na miaka kumi akikohoa.

Jumamosi moja, akitafuta miwani ya mzee kwenye droo, akakuta fomu. Baba amekubali kutoa sampuli za mapafu kwa utafiti. Chini kuna jina la kiongozi wa utafiti: mpenzi wake.

Damu ikamchemka. Akapiga simu.

"Kumbe ulikuwa unayataka mapafu ya baba, si mimi!"

"Nini? Sampuli zinanifikia na namba tu, majina siyaoni..."

"Jina lako ninaliona hapa!"

Akakata. Mtafiti akapiga mara tatu, simu hazikupokelewa. Akalia kidogo, akanawa uso, akarudi kazini. Hakupiga tena, naye alikuwa na kiburi chake.

Wiki ikapita. Mzee akachoka kumwona mwanawe akisusa chakula.

"Umenuna nini wewe?"

Mwana akaeleza yote. Mzee akacheka mpaka kikohozi kikamkamata. Alipopata pumzi akasema, "Tarehe umeisoma? Nilitia sahihi mwaka jana, hujamjua hata huyo binti. Kliniki waliniomba, nikakubali. Halafu nikuulize: mapafu haya yangu au yako?"

"Yako, baba."

"Basi niachie. Mimi sitapona kabisa, najua. Lakini wapo vijana wanachomelea leo bila barakoa. Yeye anawahangaikia, wewe unamfokea! Nenda kaombe radhi. Na uoge kwanza."

Akaoga. Akavaa shati la bluu alilolipiga pasi mara mbili, akaenda kugonga mlango wa maabara.

"Nimekuwa mjinga."

"Sana," mtafiti akajibu, jicho likiwa bado kwenye hadubini.

"Tarehe sikuisoma."

"Na mimi hukunisikiliza. Wiki nzima naongea na seli!"

"Nisamehe, mpenzi. Nilimwogopea mzee."

Mtafiti akamshika mkono, akamvuta. "Tazama hapa."

Fundi akainama, akaona viduara vya zambarau vimesongamana.

"Ni za baba?"

"Sijui, wala sitajua. Ni za mtu anayependwa na mtu, basi."

Fundi alipoinuka, macho yalikuwa yamemlowa.

"Nina neno."

"Sema haraka, mashine ile ya kuzungusha sampuli inasimama baada ya dakika nne."

"Nataka kukuoa."

Mtafiti akaitupia jicho saa ya ukutani, tabasamu likimshinda kulizuia.

"Muda bado upo. Hebu rudia, taratibu, nifaidi."