Pambizo Tupu la Maore

Binamu yangu Bimkubwa alianza kuchimba nasaba Jumamosi mchana, kwenye fleti yake ya Wheaton, huku mimi namenya vitunguu vya pilau. Nilimcheka. Watu wetu wa pwani wakishapata karatasi za Marekani, babu zao wote walikuwa masultani.

"Cheka tu, Layla. Mimi namtafuta somo yangu."

Somo yake ni marehemu bibi yetu, ambaye yeye alirithi jina lake. Alizaliwa Maore, kisiwa cha Wafaransa mpaka leo, akafia Unguja. Wafaransa wakishaandika kuzaliwa kwa mtu, pambizoni, ukingoni mwa ukurasa, huja kuongeza ndoa, halafu kifo. Rejista zimepigwa picha, ziko mtandaoni. Tukamwona: Bimkubwa, 1927. Pambizo tupu.

"Kwa Wafaransa bado yu hai," nikasema.

Akajaza fomu kuomba kifo kiandikwe. Penye jina, Bimkubwa. Penye simu, namba yake.

Haikupita dakika, simu yake ikalia, akaiweka spika. Sauti ya mzee, Kiswahili cha visiwani, bila hata salamu.

"Bimkubwa?"

"Abee."

Ndivyo tulivyolelewa. Mwanamke akiitwa, ulimi huitika wenyewe.

"Ndiwe wa kuandikwa?"

"Hapana, huyo ni somo yangu..."

"Umeitika wewe."

Simu ikakatika.

Nikafungua ukurasa upya. Pambizoni palikuwa na mstari wa wino. Kifaransa nimekisoma chuo kikuu. Siku ile nilitamani nisingekijua. *Amefariki Wheaton, Maryland, Jumatatu, saa tisa alasiri.*

"Matapeli hao," nikasema. Lakini Jumatatu sikwenda kazini.

Nilizima simu zote, nikamketisha mbele yangu kwenye kochi. Saa tisa kasorobo. Nikamshika mkono.

"Usiitike," nikanong'ona. "Hata nikikuita mimi."

"Sawa."

Saa tisa.

Kutoka jikoni, sauti yangu ikaita: "Bimkubwa!"

Mdomo wangu ulikuwa umefumbwa.

"Abee," akasema.

Mkono wake ukapoa ndani ya wangu.

Daktari aliandika kuwa ni moyo. Baada ya arobaini nikaufungua tena ule ukurasa, nijue moja. Chini ya mstari pameongezwa mwingine: kifo kimetangazwa na Layla, binamu, aliyekuwepo, naye ametia saini.

Saini ni yangu. Imekwenda upande, na kalamu imetoboa karatasi, kama ya mtu aliyeshikwa mkono akaandikishwa.