Sentensi Tatu za Zana ya Peleka

Kabla chai haijapoa mezani, Mjumbe alikuwa ameshaahirisha mikutano miwili, ameshaita gari la wagonjwa Kihonda, na ameshamwarifu mwenye duka wa Mafiga kwamba unga wake umefika. Hakuwa mtu. Alikuwa akili unde iliyoendesha mawasiliano ya mji mzima wa Morogoro, naye alikuwa na zana mia mbili za kufanyia kazi. Kila zana ilibeba maelezo yake, sentensi chache za kumwambia itumike lini na isitumike lini. Zaidi ya maneno hayo Mjumbe hakujua lolote. Akiandikiwa vibaya, alitenda vibaya, tena kwa adabu.

“Unaona?” Injinia Temba alinyoosha kidole kwenye skrini ya ukutani, ambapo kazi za Mjumbe zilikuwa zikipita. “Asubuhi nzima hajakosea. Kosa lile ni la maelezo, na maelezo ni kazi yako. Weka sahihi, binti.”

Salha Mkude hakuigusa karatasi iliyowekwa mbele yake. Ilisema kwamba maelezo ya zana ya Peleka aliyaandika yeye, peke yake.

“Mimi si binti yako,” alisema. “Na maneno hayo si yangu.”

“Stashahada moja ya lugha, kiburi cha maprofesa kumi!”

Upande wa pili wa meza, Bi. Tatu Shomvi alikaa katika kiti cha magurudumu. Alikuwa fundi wa minara. Miezi miwili iliyopita alikuwa amening'inia mita arobaini juu, ndoano ya mkanda wake ameshaifungua ili aihamishe, kinong'onezi chake, kile kifaa cha kupokelea ujumbe, kilipoita sikioni. Sauti nzuri, tulivu, ilimwambia: “Mwanao Hamza amefariki saa nne na dakika tisa. Pole sana.” Mkono ukaachia.

Hospitali ilikuwa imemwagiza Mjumbe awajulishe ndugu wa marehemu. Zana za kufaa zilikuwa mbili. Peleka ilifikisha ujumbe sikioni mwa mtu papo hapo. Mwendee ilimtafuta jirani au ndugu mtu mzima, akaenda kwa miguu yake, akamketisha mfiwa, akaanza na “mgonjwa kazidiwa”, na neno lenyewe likaja baadaye, watu wakiwa wameshamzunguka. Kila mtu Morogoro alijua msiba hausemwi hivihivi. Mjumbe hakuzaliwa Morogoro.

“Mjumbe,” Salha aliita. “Tusomee maelezo ya Peleka ya siku ile.”

“Hupeleka ujumbe wowote kwa mtu yeyote, upesi,” Mjumbe alijibu.

“Na niliyoyaandika mimi mwanzo?”

“Hupeleka ujumbe kwa mtu, upesi. Usiitumie kupeleka habari ya kifo kwa mzazi, mwenzi, mtoto au ndugu wa marehemu. Kwa hao tumia Mwendee. Ukiwa na shaka, tumia Mwendee.”

“Ungepewa hayo ungefanya nini?”

“Ningemtuma dada wa Bi. Tatu, Bi. Mwanaisha. Alikuwa chini ya mnara, amemletea chakula.”

Bi. Tatu alifumba macho.

“Maelezo marefu yanamchelewesha!” Temba alifoka. “Zana mia mbili, kila moja na hadithi yake? Niliyapunguza kitaalamu.”

“Ulifuta sentensi tatu ukabakiza moja, nayo ukaiharibu. ‘Wowote.’ ‘Yeyote.’ Huo ndio utaalamu?”

“Basi na tumalizie kusoma.” Temba alitabasamu kwa mara ya kwanza. “Mjumbe, nani aliidhinisha mabadiliko yangu?”

“Salha Mkude. Alibishana siku tatu, akabonyeza ‘Nakubali’ siku ya nne.”

Salha alikumbuka siku tatu za kubishana, kuitwa mjuaji, kuchekwa kikaoni. Na asubuhi ile ya nne, kidole chake.

Aliivuta karatasi, akaigeuza, akaandika nyuma yake kama alivyoziandikia mashine, bila neno la kupoteza. Kisha akamsomea Bi. Tatu kwa sauti: “Injinia Temba alifuta sentensi tatu. Mimi, Salha Mkude, nilijua zina kazi gani. Nilikubali kwa sababu nilichoka. Bi. Tatu Shomvi alipewa habari ya mwanawe akiwa mnarani, akaanguka.” Akaweka sahihi.

“Umejimaliza,” Temba alisema.

“Na wewe umo.”

Bi. Tatu aliinyooshea mkono karatasi. Aliisoma mwenyewe, mara mbili, midomo ikicheza. Salha alisubiri pole, au tusi. Angepokea lolote kati ya hayo.

“Umeandika vizuri,” Bi. Tatu alisema, akiikunja na kuitia kifuani. “Siku tatu ulibishana, mwanangu. Ya nne ilikushinda nini?”