Shairi la Liwayway Lisilo na Machozi

Kila asubuhi Liwayway na mama yake walipishana mlangoni. Mtoto alikuwa akifunga kamba za buti aende shule, mama akivua zake baada ya zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Waliulizana kama nje kuna baridi, ingawa Winnipeg, Kanada, mwezi wa Februari swali hilo ni la kupoteza muda tu. Kuhusu siku ile waliyokutana tena uwanja wa ndege hawakuwahi kuzungumza hata mara moja.

Wiki hiyo darasa la sita lilikuwa likiandika mashairi ya watoto wahamiaji, yachapwe kitabuni na kusomwa mbele ya wazazi. Liwayway, aliyefika kutoka Ufilipino mwaka mmoja uliopita kumfuata mama aliyetangulia miaka saba kabla yake, alimaliza lake upesi. Mwalimu Kowalchuk alilisifu, kisha akalibadilisha kwa kalamu yake mwenyewe. Sasa msichana wa kwenye shairi alimkimbilia mama yake uwanjani na wote wawili wakabubujikwa na machozi. Mwalimu alieleza kwamba hivyo wasikilizaji wangeguswa zaidi, na mama asingeona haya.

"Lakini haikuwa hivyo, Mwalimu."

"Hili ni shairi, Liwayway, si ripoti ya polisi."

Jomar, jirani yake wa dawati, aliona hakuna haja ya ugomvi. "We soma tu la Mwalimu," alimnong'oneza. "Watu wakishalia, keki hugawiwa bila kipimo."

Liwayway hakucheka. Alikuwa na hasira, na hofu pia. Akisoma ukweli, huenda angemwaibisha mama mbele ya ukumbi mzima. Akisoma uongo, mama angejua kwamba binti yake anadanganya, tena juu ya siku yao wenyewe.

Ijumaa mchana mama alikuja bila kulala, sare ya kazini bado mwilini, akaketi mstari wa mbele. Liwayway alipoitwa, alikabidhiwa karatasi iliyochapwa. Aliitazama, akaikunja mara nne na kuitia mfukoni.

"Hili si langu," alisema kwenye kipaza sauti. "Langu ninalo kichwani."

Msiniombe machozi,
uwanjani sikulia.
Nikamwambia, "Shangazi,"
kumbe mama kanijia.

Radhi simuombi mtu,
sura ilinipotea.
Miaka saba si kitu?
Mtoto nimengojea!

Wafilipino waliokuwepo walielewa haraka, maana kwao kila mwanamke wa makamo usiyemjua huitwa shangazi kwa heshima. Liwayway hakuyainamisha macho. Ndipo mama aliposimama.

"Anasema kweli," alisema. "Na mimi niseme yangu. Siku ile nilianza kwa kumkumbatia mtoto wa watu. Alikuwa mdogo mdogo, kama nilivyomwacha wangu, nikadhani ndiye. Mama yake alinisukuma. Kumbe wangu yuko pembeni, ameshakuwa mrefu, ananitazama tu. Mwaka mzima nimeogopa kumwambia."

Liwayway alishuka jukwaani bila kungoja makofi. "Kumbe na wewe, Mama?"

"Na mimi, mwanangu. Tena nilimbana yule mtoto mpaka akapiga kelele."

Wakaanza kucheka, kwanza kidogo, kisha mpaka wakashikana mabega. Mwalimu Kowalchuk aliwafuata, uso umemwiva kwa haya. Alikiri kwamba alikuwa na hamu ya kuwaliza watu hata akasahau kumsikiliza mwenye shairi. Akampa Liwayway karatasi tupu, aandike maneno yake kama alivyoyasema, yaingie kitabuni bila kuguswa.

Mama alisubiri mpaka herufi ya mwisho ikakauka.

"Uongo ule ungetupendeza leo tu," alimwambia. "Halafu tungerudi nyumbani tukaendelea kuogopana. Ukweli wako ndio ulionipa mdomo wa kusema wangu. Yaliyokupata wewe, usimwachie mtu mwingine akuandikie. Hata awe mwalimu. Hata niwe mimi."