Shuka Nyekundu ya Bi Somoe

Fundi anayejiheshimu akipata kitambaa asichokijua hukichoma kwanza. Hukata ncha ndogo, huibana kwa kibanio, huwasha kiberiti, kisha hunusa. Pamba hunuka karatasi, nailoni hunuka plastiki, hariri hunuka nywele. Zakia, fundi cherehani wa Mtanda, Lindi, alikuwa akichoma ncha hizo tangu usichana wake na pua yake haikuwahi kumdanganya. Basi mchana ule alipochoma ncha ya shuka nyekundu ya marehemu bibi yake, moshi ukapanda, naye akarudisha kichwa nyuma. Shuka ilinuka nyama.

Tena si nyama iliyooza. Nyama ya kuchoma, ile ambayo mafuta yake bado yanalia kwenye mkaa. Bintiye Kibibi, mtoto wa miaka sita aliyekuwa chini ya meza akichezea vifungo, akachungulia.

“Mama, unachoma mishikaki?”

“Cheza huko,” Zakia akamjibu, akapuliza jivu likatokea dirishani.

Sasa msije mkamwonea huruma mapema mkasema masikini hakujua. Alijua! Bibi yake, Bi Somoe, alikuwa kiti cha jini maisha yake yote, na mtaa mzima ulijua. Jini lile lilipompanda mara ya kwanza lilimtupa chini, likamfanya ajing'ate mikono mpaka mfupa ukaonekana, wala halikutulia mpaka mganga alipokaa nalo kwenye ngoma akalivisha shuka. Shuka ndiyo mwili wake. Haipitishwi mkasi, haipitishwi sindano. Bi Somoe alipokuwa anakata roho alimshika mjukuu wake mkono akamwambia, “Sanduku hili lipelekwe Kiswere kwa Binti Likwata, mganga wangu. Lisibaki humu ndani.” Zakia akasema ndiyo bibi. Kisha ikawa kesho, ikawa wiki ijayo, korosho zikaokotwa zikauzwa, na sanduku likabaki uvunguni. Huyo ndiye Zakia, mkono mwepesi wa kushona na mzito wa kutimiza.

Na kushona alijua, haki ya Mungu. Kazi yake ilikuwa mifarishi, yale mablanketi ya viraka, lakini si ya kupima kwa rula. Yeye hakuchora wala hakupima. Alimwaga vitambaa sakafuni, akaviangalia, akaokota kile mkono ulichokitaka, akaunga, akakata, akageuza, akaunga tena, mpaka kitu ambacho hata yeye hakukitegemea kikajitokeza. Majirani walimcheka: “Zakia leo kashona ndoto gani?” Kicheko kiliwakauka pale watu wa sanaa walipompa ukuta mzima kwenye maonyesho ya Lindi mjini. Kwa ajili ya ukuta ule alianza mfarishi mkubwa wa nguo za watu wake: mkono wa shati la mumewe Nurdin, kola ya joho la kwaya la shoga yake Martina, kifua cha gauni la Idi la Kibibi. Ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa umelala. Ulitaka nyekundu, na nyekundu zote za dukani aliziona za uongo. Ndipo alipokumbuka sanduku.

Mkasi ulikataa mwanzoni. Kisha ukaingia kwa ulaini wa kutia kichefuchefu, kama unakata ini, na kitambaa kilikuwa na joto. Mikono ikaanza kwenda yenyewe. Zakia alifurahi, masikini ya Mungu, akadhani ndiyo sanaa hiyo. Adhana ya alasiri ilimkuta amemaliza, nyekundu imezunguka kila kipande cha nguo za watu wake, naye hakukumbuka hata mshono mmoja.

Martina, Mmakonde wa Newala aliyekuwa akishona naye kwenye baraza moja, aliugusa mfarishi akauondoa mkono haraka.

“Shoga, mbona una jasho?”

“Joto la Lindi hili, kila kitu kina jasho.”

“Na nyekundu hii umeitoa wapi?”

“Kwa bibi.”

“Bibi yupi? Yule wa mashetani? We Zakia!”

“Acha ushirikina, wewe si Mkristo?”

“Ukristo wangu ndio unaoniambia nikimbie,” Martina akasema. Lakini alicheka, na kesho yake yeye mwenyewe ndiye aliyeubeba mfarishi kichwani kuupeleka ukumbini ukatundikwe.

Siku hiyo hiyo, wakati wa chakula cha mchana, Nurdin alinyoosha mkono kumega ugali. Zakia akasikia mlio: kacha. Mlio wa mkasi. Akageuka kuangalia meza yake ya kazi, mkasi ulikuwa umefungwa, umelala. Kacha, kacha. Nurdin aliangalia mkono wake kwa mshangao, kama mtu aliyeona mdudu. Ngozi ilikuwa inafunguka kutoka kiwikoni kuja kifundoni, taratibu, kwa mstari safi, bila kisu, bila mtu, kisha damu ikaruka ikajaza bakuli la kisamvu.

“Zakia,” akasema kwa sauti ndogo, “ni nini hiki? Nishike. Zakia, nishike!” Ndipo akaanza kupiga mayowe.

Hospitali wakamshona. Asubuhi nyuzi zote zilikutwa juu ya mto, zimefumuliwa, zimenyooshwa zikapangwa sambamba, na mkono uko wazi mpaka mfupani. Wakamshona tena, zikafumuka tena mbele ya macho ya muuguzi, aliyetupa trei akakimbia. Mkono ukaoza. Wakaukata juu ya kiwiko, wakamkabidhi Zakia ndani ya kitambaa cheupe akauzike. Alipoufunua aliona kitu ambacho fundi peke yake angekiona. Karibu na kifundo, lile jeraha lilipinda kidogo kushoto. Ni pale pale alipopindisha mkasi kukwepa kifungo cha shati.

Alfajiri ile, siku ya kufunguliwa maonyesho, akatoka nje ya wodi akapiga simu Kiswere.

“Shikamoo, Binti Likwata. Mimi mjukuu wa Bi Somoe.”

Mwanamke wa upande wa pili hakuitikia marahaba. “Sanduku liko wapi?”

“Bibi, nimeikata shuka.”

“Vipande vingapi?”

“Sijui. Mimi huwa sihesabu.”

“Umeviunga na nini?”

“Na nguo zetu. Mume wangu ameshapoteza mkono.”

Zakia alisikia pumzi ya yule mwanamke ikikatika. “Basi umelishona na nyinyi. Nyinyi ndio mwili wake sasa, na litawakata kama lilivyokatwa. Nani amebaki kwenye hiyo kazi yako?”

“Martina. Na mwanangu. Kazi yenyewe iko ukumbini, Lindi mjini.”

“Kafumue! Usiningoje. Mimi natafuta gari nakuja, lakini wewe kafumue!”

Alimchukua Kibibi nyumbani, akamfunga mgongoni kwa khanga ingawa mtoto alishapita umri wa kubebwa, akapanda bodaboda mpaka ukumbini. Akakuta kufuli. Akagonga mpaka viganja vikavimba, mlinzi anamwambia mama tulia, bado. Kufuli lilipofunguliwa jua lilikuwa kali, wageni wamependeza, wakamiminika mbele yake. Martina alishaingia na wenye shughuli kwa mlango wa nyuma. Alikuwa ameshasimama mbele ya mfarishi, kajipamba, anaueleza kwa majivuno kana kwamba ameushona yeye.

“Huyo hapo mwenyewe!” akaita. “Njoo uwaambie hii kola ni ya nani!”

“Martina, toka hapo! Toka!”

Kacha.

Martina akajishika shingo, na katikati ya vidole vyake damu ikaanza kutoka nyembamba, kisha nene, kisha ikaruka ikapiga ukuta na miwani ya mgeni mmoja, na watu walipoanza kupiga mayowe na kukanyagana mlangoni mlio ule haukukoma, kacha, kacha, ukizunguka shingo yake bila haraka kwa kufuata duara la kola, mbele, pembeni, nyuma, na Martina bado amesimama, bado anamwangalia Zakia kama mtu anayetaka kuuliza kitu, mpaka duara likakutana, kichwa kikaanguka mgongoni, mwili ukashuka chini ya mfarishi, nao mfarishi, wallahi, ukajivuta ukutani kuifuata ile damu na kuinywa.

Zakia alitoa yowe moja tu. Muda wa kumlilia Martina hakuwa nao, na jambo hilo linamtafuna hadi leo. Kwani mgongoni Kibibi alikuwa amesema, “Mama, kuna kitu kinanikuna kifuani.”

Aliuvuta mfarishi ukaanguka, akamshusha mtoto, akaketi juu ya damu ya shoga yake, akatoa wembe wa kufumulia. Kila kiraka chekundu alichokitoa kilijikunja kikamng'ata, akabaki na alama za meno vidoleni, meno ya mtu mzima. Pembeni yake Kibibi amelala sakafuni, na juu ya gauni lake mstari wa damu unatoka begani unashuka, kacha, kidogo kidogo, maana kile kifua cha gauni la Idi, Zakia alikikata kwa madaha, akikipindisha huku na huku kutafuta uzuri, na sasa kila pindo la uzuri ule mwanawe alikuwa analilipa kwa nyama yake, analia “mama, inauma, mama, acha,” akidhani ni mama anayemkata. Na je, alikosea?

Mlango ukafunguka ukafungwa. Aliingia mwanamke mrefu mwenye mkoba wa begani, akauruka mwili wa Martina bila kuuangalia mara mbili, akawasha udi na ubani kwenye kifuniko cha sufuria alichokuja nacho.

“Mimi Binti Likwata. Tandika vipande chini, viwe shuka.”

“Sikumbuki vilivyokuwa!”

“Nani kakwambia ukumbuke? Ulikata kwa mkono, panga kwa mkono!”

Zakia akafumba macho. Aliacha mikono iokote, igeuze, isogeze, kama alivyofanya maisha yake yote, na kila kipande kilipokutana na mwenzake kilishikana bila uzi na bila mshono. Shuka ikarudi. Ikaanza kupanda na kushuka, inapumua. Mlio wa mkasi ukanyamaza, mstari kifuani kwa Kibibi ukasimama juu kidogo ya moyo.

Kisha Kibibi akaketi. Macho yake yalikuwa meupe. Kinywa cha mtoto kikafunguka, na sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya kukwaruza, ya kitu kilichokaa pangoni tangu zamani.

“Ncha yangu iko wapi?”

Zakia akaangalia. Kwenye pembe moja ya shuka palikuwa na pengo la ukubwa wa kidole gumba. Akakumbuka kiberiti.

“Niliichoma,” akanong'ona. “Bibi, niliichoma, jivu nimelipuliza.”

“Basi hiyo haishoneki kwa kitambaa,” Binti Likwata akasema, na kwa mara ya kwanza naye aliogopa. “Linataka nyama. Usipolichagulia, litajichagulia.”

Kacha, ikasikika kifuani kwa mtoto.

Zakia hakungoja neno la pili. Alichukua mkasi mezani kwa wenye shughuli, akaibana ngozi ya mkono wake wa kushoto kwa meno, akakata. Mkasi ulikuwa butu. Alikata, akatafuna ukelele wake, akakata tena, mpaka kipande kikatoka na mafuta yake ya njano. Akakiweka pengoni. Shuka ikakipokea, ikakivuta, ikawa nyekundu moja. Kibibi akaanguka chali, akalia kwa sauti yake mwenyewe. Mungu wangu, hakuna wimbo ambao Zakia amewahi kuupenda kama kilio kile.

Binti Likwata aliikunja shuka kwa mikono miwili, akampa.

“Haiendi Kiswere tena, ngozi yako imo humo. Wewe ndiye kiti. Itunze nyumbani, isiguswe. Na mtoto huyu mwambie kila kitu kabla hajavunja ungo, maana baada yako ni yeye. Akijua ataiogopa. Asipojua ataipenda.”

“Nitamwambia, bibi.”

“Bibi yako naye ulimwambia ndiyo,” Binti Likwata akasema, akachukua mkoba wake akaenda zake.

Polisi waliandika walichoweza kuandika. Martina akazikwa kwao Newala, jeneza halikufunguliwa. Nurdin alijifunza kula kwa mkono mmoja. Kibibi akakua na kovu lililopindapinda kifuani, akaambiwa ni kioo kilivunjika kwenye maonyesho, mwanangu, ulikuwa mdogo. Mama angeanzaje kumwambia? Angemwambia kesho. Angemwambia wiki ijayo, mtihani ukiisha. Mtoto akavunja ungo, akachezwa unyago, sherehe ikapita. Zakia alizoea kuisikia shuka kama mtu anavyousikia mgongo wake mwenyewe: mende akitembea juu yake sandukuni, alijikuna. Na wakati huo wote alimfundisha binti yake kazi, kwani Kibibi alikuwa na mkono, tena mkono kumzidi yeye. Alimfundisha kumwaga vitambaa, kukata bila kupima, kuliacha jicho liamue. Alimfundisha namna ya kukijua kitambaa usichokijua.

Juzi Zakia alikuwa sokoni anachagua vifungo. Akahisi upepo juu ya ngozi yake yote, kama mtu aliyefunuliwa blanketi. Mfuniko wa sanduku umeinuliwa. Kisha vidole, vidole anavyovijua, vinapapasa, vinageuza, vinapima uzito kwa upendo.

“Kibibi, iache,” akasema peke yake katikati ya watu. “Mwanangu, iache.”

Akahisi ubaridi wa mkasi kwenye pembe. Kidogo tu, ukubwa wa kidole gumba. Akatupa vifungo, akaanza kukimbia kuelekea Mtanda, akigonga matenga na watu, na kabla hajaufikia mlango wa soko kovu la mkono wake wa kushoto likawaka, likatoa mapovu, likaanza kutoa moshi.

Mama mmoja aliyekuwa akimenya vitunguu akainua kichwa, akanusa.

“Jamani,” akauliza, “nani anachoma mishikaki?”