Dhahabu Kinywani mwa Wanjugu

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. La dhahabu hawakulitaja, na Wanjugu akadhani hilo limeruhusiwa.

Jioni hiyo alikuwa ameenda kununua maziwa ya ngamia kwa Istahil, nyuma ya soko la Nanyuki, mtoto mgongoni. Baridi ya mlima ilikuwa imeanza kushuka na ukungu ulikuwa umeshameza mabati ya nyumba za mwisho. Wanjugu alitembea mdomo wazi kama kuku mwenye kiu. Kila meno yake ya kulia yalipokutana, kitu kilimchoma kutoka tayani hadi sikioni, na mate yakawa na ladha ya shaba.

Jinal, daktari wake wa meno kule Nyeri, alikuwa amemweleza. Jino la juu lilivishwa kofia ya dhahabu. La chini yake lilizibwa zamani kwa fedha na zebaki.

"Madini mbili tofauti, na mate katikati," Jinal alisema. "Ni kama betri ndogo, mama. Nimeishikisha na gundi ya muda tu. Ikikataa kutulia, Jumatatu naitoa."

Haya, betri. Lakini ni betri gani yenye ladha ya ugoro?

Hilo Wanjugu hakumwambia daktari. Aliona haya. Hakuwahi kunusa ugoro maishani mwake, ila siku hizi aliamka nao ulimini, mkali, kama ameulamba usiku kucha.

Istahil alikuwa akimpimia maziwa. Mara akasita, kibuyu hewani.

"Mama Wangechi," alinong'ona. "Huyu mtoto anaangalia nini kwa mdomo yako?"

Wanjugu aligeuza shingo. Mtoto wake, Wangechi, miezi minane na hana jino hata moja, alikuwa amejinyoosha juu ya bega lake. Alikuwa ameukodolea macho mdomo wa mama yake. Hakulia. Hakucheka.

"Ako na njaa tu," Wanjugu alisema.

Alipofunga mdomo, meno yaligusana. Uchungu ukamchoma. Na mtoto mgongoni akakakamaa kama ubao... kisha akalegea.

"Bismillahi," Istahil alisema, akarudi nyuma. "Chukua maziwa uende nyumbani, mama. Enda haraka."

Njiani hapakuwa na mtu. Baridi ilimtetemesha taya, na hakuweza kuizuia.

Tak.

Mtoto akakakamaa.

Tak... tak.

Mtoto akakakamaa tena, safari hii akikoroma kama anayekabwa. Wanjugu aliingiza pindo la leso kati ya meno yake, akaanza kukimbia. Hapo ndipo aliposikia kikohozi.

Kikavu. Cha mwanamke mzee. Kikafuatwa na pumzi ndefu ya mtu anayevuta ugoro puani.

Kilitoka ndani ya kinywa chake mwenyewe. Na aliyekohoa si yeye.

Alikijua kikohozi hicho. Kilikuwa cha mama mkwe wake, Wangechi mkubwa, aliyezikwa Kiganjo kabla ya mtoto kuzaliwa. Ndiye aliyeitiwa mtoto, maana kwa Wagikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Jina likishatolewa, nyanya amerudi. Ndiyo sababu Ngatia, mume wa Wanjugu, mwanamume mzima mwenye ndevu, alimwita mwanawe "Maitu", yaani mama, na hakuna jirani aliyemcheka.

Alimkuta Ngatia jikoni akimenya viazi.

"Baba Wangechi," alisema, akitoa leso mdomoni. "Ile dhahabu ulinipa nitengenezewe jino. Ulitoa wapi?"

"Si nilikuambia? Ni pete ya zamani."

"Pete ya nani?"

Ngatia aliendelea kumenya.

"Ngatia!"

Meno yakagusana. Mtoto akajipinda mgongoni. Walipomfungua, midomo yake ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau.

"Ilikuwa jino yake ya dhahabu," Ngatia alisema, machozi yakimtoka. "Ya Maitu. Iling'oka akiwa mgonjwa, akasema ati nimshikie. Akaenda kabla sijamrudishia. Ningeitupa aje? Nikaona afadhali ikae kwa mtu napenda."

Wanjugu angeweza kusamehe mapenzi. Ujinga ulimshinda. Nani asiyejua kwamba cha marehemu hakichezewi? Mume wake alikuwa amemwita mwanamke mmoja mahali pawili: jina kwa mtoto, jino kwa mama.

"Ako ndani yangu," alinong'ona. "Na anavuta mtoto."

"Tungoje Jumatatu, daktari..."

"Angalia mtoto wako! Huyu atafika Jumatatu?"

Hakungoja jibu. Kwenye sanduku la vyombo vya kazi la Ngatia kulikuwa na plaisi. Aliifuta kwa leso, akaiingiza kinywani. Chuma kilipogusa dhahabu, macho yake yaliona weupe mtupu. Ndani ya kinywa kile kikohozi kilianza tena, kwa haraka... kama cha mtu anayecheka.

Akavuta.

Kitu kililia ndani ya karai la viazi. Kling!

Kisha kimya.

Uchungu ulikuwa umekwisha. Ugoro umekwisha. Wanjugu aligusanisha meno kwa hofu mara moja, akarudia, na mtoto mikononi mwa Ngatia hakutikisika. Midomo yake ilirudi kuwa myekundu. Wanjugu alimchukua akambana kifuani, akacheka na kulia, damu ikimtiririka kidevuni. Hakuwahi kufurahi hivyo tangu siku aliyomzaa.

Mtoto akafumbua macho.

Akakohoa. Kikavu.

"Asante, mke ya mwanangu," alisema. Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyechoka na safari. "Huko ndani kulikuwa na uchungu mingi. Kila nikitaka kuvuka kuja huku, hiyo uchungu inanirudisha. Ilikuwa kama fensi ya stima."

Ngatia alipiga magoti.

"Maitu?" Uso wake uling'aa kwa furaha, na furaha hiyo ilimtisha Wanjugu kuliko ile sauti. "Maitu, ni wewe?"

Kiganja kidogo kikampapasa ndevu.

"Na mtoto wangu?" Wanjugu aliuliza. Sauti haikutoka vizuri. "Mtoto wangu ako wapi?"

Mtoto akafumba macho. Uso ukageukia kifua chake, ukitafuta, kisha kikatoka kilio chembamba cha njaa, kilekile anachokijua kila mama mtaani.

Wanjugu akaketi, akafungua vifungo vya blauzi.