Advansi ya Kitanda

Wateja walimwita Fundi Kesho. Jina hilo hakulipenda, lakini alikuwa amelitolea jasho. Ukienda kwenye karakana yake kuulizia kitanda chako, alikuwa akipuliza vumbi la mbao, akicheka na kusema, "Kesho, Mungu akipenda." Kesho yenyewe haikufika.

Hakuwa mvivu. Tatizo lake lilikuwa mfuko wa shati. Kila pesa iliingia humo, advansi aliyotanguliza mteja na ujira wake mwenyewe. Kila pesa ilitoka humohumo: unga, kodi, soda za marafiki. Advansi ya kitanda cha leo ilinunua mbao za kitanda cha mwezi uliopita.

Mwaka huo binti yake alipata nafasi katika chuo cha uuguzi. Barua ilisema ada ya kwanza, laki nne, ilipwe kabla ya tarehe ishirini. Asiyelipa, nafasi yake angepewa mwingine. Laki nne zilikuwepo. Mama yake alikuwa amezikusanya miezi minane, akifua nguo za watu.

Siku tano kabla ya tarehe hiyo, mama mmoja aliingia karakanani kama upepo.

"Harusi ya mwanangu ni Jumamosi. Kitanda kiko wapi?"

"Kesho, mama, Mungu akip..."

"Mwache Mungu apumzike! Nilikupa laki mbili. Nipe kitanda, au twende polisi."

Laki mbili zilishaliwa. Fundi akaenda nyumbani. Mkewe alikuwa anakamua shuka.

"Mke wangu, niazime laki mbili. Jumatatu narudisha. Kuna mteja wa kabati analeta advansi."

"Hizo ni za mtoto."

"Kwani mimi si baba yake?"

Binti alikuwa amesimama mlangoni. "Mpe tu, mama," alisema. "Baba ameshasema Jumatatu."

Kitanda kilifika harusini, na salio lake likapita mfuko wa shati, likaishia kwenye madeni. Lakini yule mama mwenye kitanda alikuwa na mdomo, akasimulia alivyozungushwa, na mteja wa kabati alikuwa miongoni mwa waalikwa. Jumatatu hakuja. Jumanne akapeleka pesa zake kwa fundi mwingine.

Binti alikwenda chuoni na laki mbili. Karani alimwonea huruma, lakini alimwambia, "Nusu ya ada haikalii nusu ya kiti, mwanangu." Alirudi nyumbani, akachukua beseni, akaanza kufua pamoja na mama yake. Hakumlaumu mtu. Hilo ndilo lililomchoma baba yake zaidi.

Wiki iliyofuata fundi alikwenda kukopa mbao. Mwenye duka alikuwa mjane aliyeitwa Mama Mbao.

"Sikukopeshi," alisema. "Lakini keti. Kitanda unauza bei gani?"

"Laki tatu na nusu."

"Mbao, misumari na vanishi?"

"Laki mbili."

"Kwa hiyo jasho lako ni laki moja na nusu. Basi mtu akikupa advansi ya laki mbili, amekupa mbao. Hajakupa mshahara. Umekuwa ukila mbao za watu, kaka. Hata mchwa angeona haya."

Fundi aliinamisha kichwa. "Sasa nifanyeje?"

"Ukipokea advansi, usipite popote. Njoo hapa siku hiyohiyo, nunua mbao za huyo mteja, ziandike jina lake. Mbao hazinunui soda."

"Na hiyo laki na nusu?"

"Kabla haijafika, kaeni wewe na mkeo muipangie kazi. Hii ya chakula, hii ya kodi, hii ya ada. Pesa isiyotumwa hujituma yenyewe. Ya ada isilale nyumbani. Ipelekeni benki, na kuitoa lazima msaini wote wawili."

Miezi ya kwanza ilikuwa michungu. Vitanda viwili vya watu vilikuwa vimeshaliwa, na ilibidi vitengenezwe. Fundi aliuza kitanda chake mwenyewe ili anunue mbao. Yeye na mkewe wakalala chini. Marafiki wa soda walimcheka, kisha wakaacha kupita. Lakini kila kitanda kilichotoka kiliacha elfu thelathini benki, na vitanda vikaanza kutoka kwa wakati. Wateja wakarudi.

Mwaka uliofuata binti aliomba tena, akapata. Walilipa ada yote siku kumi kabla. Fundi alimsindikiza mpaka langoni. Msichana mwenye sare nyeupe alikuja kuwapokea wageni. Zamani yeye na binti wa fundi walikaa dawati moja shuleni.

"Karibu, mdogo wangu," alimtania. "Sisi wa mwaka wa pili ndio dada zenu hapa."

"Asante, dada," binti alijibu, akajitahidi kucheka.

  Fundi akaikunja risiti ya ada, akawa anaitia kwenye mfuko wa shati.

"Baba," binti alisema kwa upole, mkono ameunyoosha, "hiyo nipe mimi. Nitaitunza mwenyewe."

Akampa.