Gari la Mama Apolline na Matairi Mapana

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Vanessa aliosha gari la mama yake. Alichota maji bombani, akaja nayo ndani ya bidoni, dumu la manjano, akasugua vioo, milango na magurudumu mpaka jasho likamtoka. Kazi hiyo hakuna aliyemlazimisha. Aliipenda mwenyewe.

Waliishi Songo, mjini Uvira, katika nyumba ndogo iliyotazama ziwa. Gari lenyewe lilikuwa Toyota nyekundu ya zamani. Siku za kazi, mama yake, Apolline, alilitumia kama teksi, akipeleka na kurudisha abiria kati ya Uvira na vijiji vya bonde la Ruzizi. Wanawake wanaoendesha teksi hawakuwa wengi, kwa hiyo watu wa njia ile walimfahamu wote. Lakini walimfahamu pia kwa jambo jingine. Mara moja kila mwaka, madereva wa mji na wa bonde walikutana karibu na Runingu kushindana mbio, na Mama Apolline hakukosa hata mara moja.

Mwaka uliopita alikuwa karibu wa mwisho. Kwenye kila kona gari lake lililala upande kana kwamba litapinduka, na watazamaji walicheka. Vanessa alikuwepo. Alicheka na yeye ili asionekane analia.

"Mwaka huu haitakuwa vile," mama yake alimwambia asubuhi moja, akipangusa kioo kwa kitambaa. "Leo ukitoka shule, tutapita kwa mujomba wako."

Mjomba wake, Toussaint, alikuwa fundi wa magari. Garaji yake ilikuwa kando ya barabara kubwa, imezungushiwa mabati. Walipofika jioni ile, walikuta ametandika mabaki ya gunia chini na kupanga vitu vya aina mbili.

Upande mmoja kulikuwa na matairi mapana, membamba ubavuni, yaliyong'aa kwa weusi. Kando yake kulikuwa na springi fupi na ngumu za kulishusha gari karibu na ardhi. Upande wa pili kulikuwa na matairi ya kawaida kwa kuyatazama, si mapana sana, yenye ubavu mrefu na mpira laini. Springi zake zilikuwa fupi kidogo tu kuliko zile za zamani, na pamoja nazo kulikuwa na amortiseri mpya, vile vyuma virefu vyenye mafuta ndani vinavyozuia gari lisirukeruke likipita kwenye mashimo.

"Chagueni," alisema Toussaint. "Zote ziko nzima. Lakini mukumbuke, hii gari iko na kazi mbili. Siku za kazi inabeba bantu na mizigo yao, siku ya mbio inakimbia. Tena njia ya mbio iko nusu lami, nusu udongo."

Mama Apolline aliinama, akagusa matairi ya upande mmoja, kisha ya upande wa pili. Alisita. "Vanessa, weye unaona namna gani?"

Vanessa hakuhitaji kufikiri. Alikuwa ameona picha nyingi za magari ya mashindano kwenye simu, na yote yalikuwa chini, yamekaa kama chui anayetaka kuruka. Na Gracien, dereva aliyeshinda mwaka uliopita, gari lake lilikuwa hivyohivyo.

"Hizi pana, mama! Na tuishushe. Ile ingine iko kama ya kubebea mihogo."

Toussaint alikuna kidevu. "Ya chini iko nzuri kwa macho. Kwa matuta, minye sijui."

"Mama, tafadhali!"

Mama Apolline alimtazama binti yake aliyekuwa akirukaruka kwa shauku, akatabasamu. "Sawa. Tujaribu."

Siku iliyofuata gari lilitoka garajini likiwa jipya machoni pa kila mtu. Watoto wa mtaa walilikimbilia. Shuleni wanafunzi wenzake Vanessa walimzunguka wakati wa mapumziko. Patient, kijana ambaye mwaka mzima alikuwa akilitania gari lile, alisema kwa sauti mbele ya wote, "Sasa iko gari ya kweli!" Vanessa alipitisha siku ile akitembea kama ameshinda yeye.

Siku chache kabla ya mashindano, Mama Apolline alimchukua Vanessa baada ya masomo, wakaenda Runingu kuijaribu njia. Vanessa alibaki kando ya njia na saa mkononi. Kwenye lami gari lilipita kama mshale. Kona ambayo mwaka jana ililaza gari upande, safari hii ililikuta limesimama imara. Vanessa alipiga kelele za furaha peke yake.

Kisha gari liliingia kwenye njia ya udongo, kati ya mashamba ya mahindi. Hapo mambo yakabadilika. Springi zile fupi hazikuwa na nafasi ya kushuka. Gari lilipogonga tuta, liliruka lote, na magurudumu ya mbele yakazunguka hewani. Vanessa alisikia pia sauti ya kukwaruza, kama mtu anayeparuza sufuria kwa kisu.

Mama Apolline aliposimama, uso wake ulikuwa na vumbi na furaha. "Kwa lami tumekuwa wepesi sana! Angalia magurudumu, minye ninywe maji kwanza."

Vanessa alichutama. Nyuma ya gurudumu la mbele, upande wa kushoto, alikuta vipande vidogo vyeusi vya mpira. Aliingiza mkono. Ukingo wa bodi ulikuwa ukisugua tairi, na ubavuni mwa tairi palikuwa pamechanika. Ndani ya mchaniko nyuzi zilionekana.

Akamkumbuka Patient na wanafunzi wengine. Akakumbuka alivyoyacheka matairi mengine. Akisema, springi zitang'olewa, matairi yatatolewa, na kila mtu atajua kwamba uchaguzi wake ulikuwa mbaya.

"Iko namna gani?" mama yake aliuliza kutoka upande wa pili.

"Iko sawa," Vanessa alijibu.

Wakaanza safari ya kurudi mjini. Hawakuwa wamefika mbali mwanamke mmoja alipowapungia mkono kando ya barabara. Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga aliyefungwa kwa kitenge. "Nyandwi, karibu!" Mama Apolline alimwita. Mwanamke huyo alikuwa abiria wake wa kila wiki, aliyeuza mchicha na nyanya Uvira. Nyandwi akaingia, akamfungua mtoto na kumpakata, karibu kabisa na Vanessa. Mtoto alikishika kidole cha Vanessa, akakibana.

Gari likaongeza mwendo. Lilipopita kwenye shimo, sauti ile ya kukwaruza ikasikika. Mbele yao kulikuwa na daraja, na lori lilikuwa likija upande wa pili. Vanessa alikitazama kidole chake ndani ya kiganja kile kidogo. Hakuweza tena.

"Mama, simama! Simama sasa hivi!"

Mama Apolline alipunguza mwendo taratibu, akaegesha kabla ya daraja. "Kuna nini?"

"Tairi imechanika kwa ubavu. Nilikuwa naiona kule Runingu. Sikusema."

Mama yake alishuka, akachutama, akaingiza vidole pale Vanessa alipoonyesha. Mchaniko ulikuwa umeongezeka, na tairi lilikuwa limeanza kuvimba kama jipu. Akasimama, akamgeukia binti yake.

"Juu ya nini haukusema?"

"Nilikuwa na haya," Vanessa alisema, machozi yakimtiririka. "Minye njo nilichagua ile matairi."

"Ungeniambia, ningekasirika kidogo kisha ningesahau," mama yake alisema kwa sauti ya chini. "Ile tairi ingepasuka kwa daraja, leo tungekuwa wapi, na huyu mutoto?" Akageuka kwa Nyandwi, akamwomba radhi, akampandisha kwenye gari jingine lililokuwa likienda mjini. Kisha mama na binti wakafunga tairi la akiba na kurudi polepole, wakikwepa kila shimo.

Toussaint aliwasikiliza hadi mwisho. Hakumgombeza Vanessa. Alimpa funguo za boliti na kumwambia, "Tunaanza upya. Lakini safari hii weye utafanya kazi na sisi."

Vanessa alifanya kazi kweli. Kila alipotoka shuleni alivaa shati kuukuu na kuingia chini ya mabati ya garaji. Alisafisha boliti kwa brashi na mafuta, akapiga jeki, akashikilia springi wakati mjomba wake akizikaza. Mikono ilimuuma, kucha zikawa nyeusi. Matairi yale aliyoyaita ya kubebea mihogo yakaingia mahali pake. Toussaint alisukuma pua ya gari chini kwa uzito wake wote na kuliachia. Gari lilipanda mara moja, likatulia.

"Unaona?" alisema. "Springi inaachilia gurudumu lishuke mu shimo. Amortiseri inalirudisha bila kucheza. Gurudumu likibaki chini, shofere anaweza kugeuza na kusimamisha. Likiwa hewani, hata ukiwa na moteri ya ndege, haiwezi kukusaidia."

Jumamosi wakarudi Runingu wote watatu. Vanessa alikuwa na chaki, mabaki ambayo mwalimu wake alimpa. Kabla ya kila mzunguko alichora mistari kwenye matairi, kuanzia katikati hadi ubavuni. Gari liliporudi, aliangalia ni wapi chaki imefutika, kisha akaweka kiganja kusikia joto la mpira.

"Katikati iko moto sana, mujomba. Na chaki ya pembeni haijafutika."

"Basi?"

Vanessa alifikiri. "Upepo iko mingi. Tairi inakanyaga kwa katikati tu."

"Punguza."

Akapunguza, lakini akapitiliza. Safari hiyo chaki ilifutika mpaka kwenye maandishi ya ubavuni, na Mama Apolline alilalamika kwamba gari limelegea kwenye kona.

"Tuongeze upepo, na tena tukaze amortiseri za nyuma," Vanessa alisema. "Tufanye vyote mara moja, tutapata haraka."

"Hapana," Toussaint alimjibu. "Ukibadilisha vitu viwili, utajua namna gani ni kipi kimesaidia? Kimoja kwanza."

Vanessa alipiga pampu tena, kidogo kidogo, huku jua likiunguza mgongo wake. Mzunguko uliofuata chaki ilifutika sawasawa na kuishia ukingoni, na mpira ulikuwa na joto lilelile kila mahali. Ndipo walipogusa amortiseri za nyuma, wakazikaza kidogo tu. Mama Apolline aliporudi safari hii, alizima moteri, akakaa ndani akicheka peke yake.

"Hii," alisema, "iko gari yangu."

Jumapili, watu walipotoka makanisani, walimiminika Runingu. Wengine walikuwa wamepanda juu ya malori, wengine wamekaa kwenye vichuguu. Gari la Gracien lilikuwa chini kabisa, linang'aa. Patient alikuja na wenzake, akalitazama gari la Mama Apolline, kisha akamgeukia Vanessa.

"Ile matairi ya kupendeza imeenda wapi?"

Vanessa aligusa tairi la mbele. "Tulitoa. Nilichagua vibaya, moja ikachanika. Hii njo inafaa."

Patient aliinama, akayatazama matairi yale kwa karibu.

Bendera ikashuka. Kwenye lami Gracien alitangulia, na magari mengine mawili yakamfuata. Mama Apolline alikuwa wa nne. Vanessa alishika mkono wa mjomba wake kwa nguvu. Kisha magari yakaingia kwenye udongo. Gari la Gracien liliruka kwenye tuta la kwanza, akalazimika kukanyaga breki. Wale wawili nyuma yake wakapunguza pia. Ile Toyota nyekundu haikupunguza. Iliyapita matuta kama inayaogelea, magurudumu manne yote chini, vumbi likisimama nyuma yake kama ukuta. Ikampita wa tatu. Ikampita wa pili.

Mzunguko wa mwisho, Gracien alikuwa bado mbele. Kwenye kona ya mwisho ya udongo gari lake lilidunda na kuteleza upande wa nje wa kona. Mama Apolline aliingia ndani ya nafasi ile, akakata kona bila kuyumba, akatokea kwenye lami akiwa wa kwanza. Gracien alimkaribia, akamkaribia zaidi, lakini Mama Apolline alikuwa ameshauvuka mstari wa mwisho.

Watu walipasuka kwa vifijo. Wanawake wa soko walipiga vigelegele, na Nyandwi alikuwa miongoni mwao, mtoto wake mgongoni. Vanessa alikimbia mpaka akaangukia mikononi mwa mama yake, wakakumbatiana katikati ya vumbi.

Gracien alikuja kumpa Mama Apolline mkono. "Umenishinda kwa haki. Lakini niambieni, mulifanya nini hii gari?"

"Muulize huyu," Toussaint alisema, akimsogeza Vanessa mbele.

Vanessa alimweleza yote: springi, chaki, upepo, kubadilisha kitu kimoja kwa wakati. Hakuficha hata tairi lililochanika. Gracien alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kwa heshima.

Watu walitaka Mama Apolline aseme neno. Alipanda juu ya boneti, akamvuta na binti yake.

"Munasema minye ni shofere mukali," alisema, na kelele zikapungua. "Asante. Lakini gari haishindi kwa kupendeza. Inashinda kwa kupimwa, na kupima ni kusema kile unachokiona, hata kama kinakupa haya. Huyu mutoto alikosea kuchagua, kama vile muntu yeyote anaweza kukosea. Akanyamaza, na ile ilikuwa hatari kuliko kosa lenyewe. Kisha akapata moyo wa kusema ukweli mbele ya daraja, na akafanya kazi mpaka mikono ikatoka malengelenge. Watoto munaonisikia, kosa ukilisema mapema, linatengenezwa kwa funguo ya boliti. Ukilificha, linaweza kuchukua maisha ya bantu."

Alinyanyua mkono wa Vanessa juu, mkono wenye kucha nyeusi za grisi, na bonde zima likashangilia.